Shajara ya mradi: kikoba cha Tabata na Jumamosi inayohama

Jumatatu, 7 Julai 2025

Leo Saba Saba. Wenzangu wako kwenye maonesho Barabara ya Kilwa, mimi nimejifungia chumbani Tabata na kompyuta. Kazi yenyewe ni mfumo mdogo wa wavuti kwa ajili ya kikoba cha mama mdogo. Wako wanachama 32, wanakutana kila Jumamosi saa kumi jioni. Wananunua hisa na kukopeshana, na anayechelewesha rejesho anapigwa faini ya Sh 1,000 kwa kila wiki, hata kama wiki yenyewe imeanza tu. Hesabu zote ziko kwenye daftari kubwa la jalada jeusi na jedwali la Excel ndani ya simu ya katibu. Mfumo unatakiwa usome hilo jedwali, uhesabu nani anadaiwa nini, na kila Ijumaa saa moja asubuhi utume meseji ya kukumbusha kikao.

Natumia PHP, lugha ya kuandikia programu za wavuti, kwa sababu nafasi ya seva niliyolipia, Sh 60,000 kwa mwaka, imekuja nayo, toleo la 8.1. Kurasa za kuingia, fomu na kanzidata zimenichukua siku tatu na hazina kisa.

Kisa kimeanza kwenye siku za wiki. Nilitaka majina ya Kiswahili, nikayapanga kama nilivyoyakariri chekechea:

```
$siku = ['Jumamosi', 'Jumapili', 'Jumatatu', 'Jumanne',
         'Jumatano', 'Alhamisi', 'Ijumaa'];
$jina = $siku[$tarehe->format('w')];
```

Nafungua ukurasa, naambiwa leo ni Jumapili.

Sababu haikuwa mbali. Wiki yetu sisi inaanza Jumamosi: mosi, pili, tatu, mpaka tano. Herufi `w` ya PHP inaanzia Jumapili, nayo inaiita 0. Kwa hiyo Jumatatu, ambayo jina lake lenyewe linasema tatu, kwa PHP ni 1, na kwenye orodha yangu inayoanzia sifuri imekaa nafasi ya 2. Kila jina limerudi nyuma siku moja. (Halafu wiki yetu ina tano mbili: Jumatano ni ya tano ukihesabu toka Jumamosi, na Alhamisi nayo ni ya tano kwa Kiarabu, ukihesabu toka Jumapili. Sijawahi kuliwaza hilo mpaka leo.)

Nikaona isiwe tabu. Ndani ya fanksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) ya `jina_la_siku` nikaweka mstari wa `modify` unaosogeza tarehe siku moja mbele kabla ya kuuliza jina. Nikajaribu 07/07/2025, ikasema Jumatatu. Nikajaribu Nane Nane, 08/08/2025, ikasema Ijumaa. Zote sahihi. Nikajipongeza kwa chipsi mayai.

Unayefuatilia hii kazi ili uiige, usiige ya leo. Kuna makosa mawili hapo juu ambayo sikuyaona.

Jumamosi, 12 Julai

Meseji ya kwanza ilitoka jana: "Kikao ni Jumamosi tarehe 13/07/2025 saa kumi jioni. Karibuni."

Tarehe 13 ni Jumapili.

Mama mdogo kanipigia saa kumi na nusu.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Tuko watu kumi na tisa hapa. Wengine wanasema umewaambia kesho."

"Nimeandika Jumamosi, mama."

"Umeandika Jumamosi, halafu ukaandika kumi na tatu. Sasa mtu afuate lipi?"

Wasiofika wamefuata tarehe. Nimetuma meseji ya kuomba radhi kwa wote. Meseji moja ni Sh 25, mara 32 ni Sh 800, na ile ya jana Sh 800 nyingine. Sh 1,600 siyo fedha, ila kikao cha watu kumi na tisa hakikutimiza akidi ya kupitisha mikopo, na kuna mama alikuwa anasubiri mkopo wa mzigo wa vitenge Kariakoo. Huyo ndiye aliyeumia.

Jambo la pembeni: meseji ya jana ilifika saa nne asubuhi, siyo saa moja. Nikadhani ni mtandao.

Jumatatu, 14 Julai

Nimepata. Kosa ni ule mstari wangu wa chipsi mayai.

Kwenye PHP, `DateTime` ni kitu kinachobadilika. Ukikipeleka ndani ya fanksheni, hakinakiliwi. Fanksheni inashika kilekile ulichonacho wewe nje. Kwa hiyo `modify` iliposogeza siku moja "kwa ajili ya jina tu", ilisogeza tarehe yenyewe. Msimbo wa meseji ulikuwa unauliza jina kwanza, kisha unachapa tarehe. Jina likatoka Jumamosi, tarehe ikatoka kesho yake. Kwenye ukurasa mmoja nilikuwa naita jina mara mbili, na humo tarehe ilikuwa imeshasogea siku mbili. Tarehe 7 nilikagua majina peke yake.

Marekebisho yamekwenda kwa awamu.

Kwanza nilitaka kuachana na orodha yangu, nimwachie `IntlDateFormatter`, kifaa cha PHP cha kuandika tarehe kwa lugha mbalimbali, na `sw_TZ` (Kiswahili cha Tanzania), maana majina ya Kiswahili anayo tayari. Seva yangu haina hicho kiongezi cha `intl`, na kwenye kifurushi changu hakiwashwi. Nikarudi kwenye orodha, safari hii kwa herufi `N`, inayofuata kanuni ya ISO 8601: Jumatatu 1 mpaka Jumapili 7.

```
$siku = [1 => 'Jumatatu', 2 => 'Jumanne', 3 => 'Jumatano',
         4 => 'Alhamisi', 5 => 'Ijumaa', 6 => 'Jumamosi',
         7 => 'Jumapili'];
```

Namba nimeziandika wazi makusudi, asiwepo wa kuhesabu kwa kichwa. Mstari wa kusogeza nimeufuta.

Pili, nimebadilisha kila `DateTime` kuwa `DateTimeImmutable`. Hii haibadiliki, ukiiambia isogee inakupa tarehe mpya na ya zamani inabaki ilivyo. Nikafungua ratiba ya vikao vijavyo, nikakuta Jumamosi kumi, zote tarehe 19 Julai. Kitanzi changu, msimbo unaojirudia kwa kila kikao, kilikuwa kinategemea tarehe ijibadilishe yenyewe. Inabidi uipokee ile mpya, `$t = $t->modify` na kuendelea, siyo `$t->modify` peke yake. Nimepitia faili zote nikitafuta neno `modify`: sehemu saba, tano zilikuwa na kosa hilo.

Jumapili, 20 Julai

Katibu kanitumia jedwali lake zima leo asubuhi. Nimelipakia. Kitu cha kwanza juu kabisa ya ripoti: mama wa vitenge, yuleyule, anadaiwa faini ya Sh 2,899,000.

Nikaangalia tarehe yake ya kurejesha: Alhamisi, 1 Januari 1970. Toka siku hiyo mpaka leo ni siku 20,289, yaani wiki 2,899 ukihesabu na hii iliyoanza. Hesabu haina kasoro hata kidogo. Rejesho lenyewe ni la 26/07/2025, bado halijafika.

Kosa hili lilikuwepo toka siku ya kwanza. Katibu anaandika tarehe kama sisi wote tunavyoandika: siku, mwezi, mwaka, kwa mkwaju. Mimi kwenye kupakia nilitumia `strtotime`, ambayo ikiona mkwaju inasoma kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Ikiona vistari, kama 26-07-2025, inaanza na siku. Alama moja tu, na maana yote imegeuka. Mwezi wa 26 haupo, basi inarudisha `false`. Fanksheni ya `date` inapokea `false` kama sifuri, na sifuri ya kompyuta ni mwanzo wa 1970. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Ukiona Alhamisi nyingi zisizo na maelezo kwenye mfumo wa PHP, anza kutafuta hapo.

Nikachapa Jumamosi tano za katibu nione zimesomwaje:

```
05/07/2025  ->  7 Mei 2025, Jumatano
12/07/2025  ->  7 Desemba 2025, Jumapili
19/07/2025  ->  1 Januari 1970, Alhamisi
26/07/2025  ->  1 Januari 1970, Alhamisi
02/08/2025  ->  8 Februari 2025, Jumamosi
```

Wa mwisho ndio ulionitisha. Wale wa 1970 wanapiga kelele, kila mtu atawaona. Huyu amekosea miezi sita na bado anasema Jumamosi. Angepita.

Na majaribio yangu ya tarehe 7? Saba Saba ni 07/07. Nane Nane ni 08/08. Aina pekee ya tarehe ambayo haijalishi uanze na siku au mwezi. Katika mwaka mzima nilichagua sikukuu mbili ambazo haziwezi kulionyesha hili kosa, nikaridhika.

Sasa nasoma hivi:

```
$t = DateTimeImmutable::createFromFormat('!d/m/Y', $safu[0]);
```

Usiache alama ya mshangao. Mara ya kwanza niliiacha, na ripoti ya saa tatu usiku ikatofautiana na ya saa nne, data ileile. Bila hiyo alama, PHP inachukua saa ya wakati huo na kuibandika kwenye tarehe, kwa hiyo "19 Julai" inakuwa 19 Julai saa tatu na dakika kumi. Ukilinganisha tarehe mbili za namna hiyo, jibu linategemea umekaa kwenye kompyuta saa ngapi.

Tena `createFromFormat` ni mpole kupita kiasi. Katibu alikuwa na mstari wenye 31/06/2025. Juni haina 31. PHP ikaisogeza kimyakimya ikawa 1 Julai. Nimeweka vizuizi viwili. Tarehe ikishasomwa inarudishwa kuwa maandishi na kulinganishwa na alichoandika katibu (ilibidi niondoe sifuri za mbele pande zote mbili, maana siku nyingine anaandika 5/7, siku nyingine 05/07). Na kila tarehe ya kikao au ya rejesho lazima `N` yake iwe 6. Isipokuwa Jumamosi, mstari unakataliwa na katibu anaonyeshwa. Kizuizi hiki cha pili nilikiandika kwa dakika tatu, na kingenikamatia mistari minne kati ya ile mitano.

Gharama: usiku mmoja mzima, bando la Sh 3,000, na kumweleza mama wa vitenge kwamba hadaiwi kitu. Katibu alikuwa ameshamtumia picha ya ripoti.

Jumapili, 27 Julai

Leo malalamiko, na ni ya haki. Wanachama wawili walitakiwa kurejesha jana Jumamosi. Wote wamelipa kwa simu baada ya saa sita usiku. Mmoja saa saba na dakika ishirini, mwingine saa kumi na moja alfajiri. Mfumo umemtoza faini wa pili tu.

"Mbona yeye hajatozwa?" Sikuwa na jibu, nikaomba nirudi nyumbani kwanza.

Seva iko UTC, saa ya kimataifa ya marejeo. Sijawahi kuiambia PHP iko wapi, na isipoambiwa inachukua UTC, saa tatu nyuma yetu. Saa saba na ishirini usiku wa kuamkia leo, kwenye seva ilikuwa bado Jumamosi saa 22:20. Saa kumi na moja alfajiri, seva ilikuwa imeshaingia Jumapili saa 02:00. Kwa saa tatu kila usiku, kikoba chetu kilikuwa kinaishi jana.

Hapo ndipo nikakumbuka meseji za saa nne. Saa moja asubuhi nilikuwa nimeiandika 7 kwenye `cron`, ratiba ya seva ya kuanzisha kazi zenyewe, na 7 ya seva ni saa nne yetu. Kwa hiyo saa moja ya mama mdogo ni 7 kwenye kompyuta yangu na 4 kwenye seva. Jua ni lilelile.

Marekebisho: juu ya kila faili inayoanza kazi,

```
date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam');
```

Mstari huo hauigusi `cron`, ambayo inafuata saa ya seva yenyewe. Kule nimeandika `0 4 * * 5`.

Hii nayo nimeikosea kwanza. Kabla ya kuweka huo mstari nilikuwa nimeshaongeza sekunde 10,800 kwa mkono kwenye kila malipo. Nikaweka mstari, nikasahau kutoa zile sekunde. Mtu aliyelipa jana saa tatu na nusu usiku, ndani ya muda kabisa, akahamia Jumapili saa sita na nusu usiku na faini juu. Nimeziondoa. Sasa wakati wa malipo unahifadhiwa kwa UTC, unageuzwa kwa `setTimezone` ndipo siku inaulizwa. Tarehe za vikao zenyewe ni maandishi matupu ya mwaka, mwezi na siku, hazina saa ndani yake.

Kwa watakaonakili: wakati mwingine nagawanya sekunde kwa 86,400 kupata siku. Hapa kwetu inapita kwa sababu hatubadilishi saa kufuata majira. Ukiipeleka London, kuna siku ina saa 23 na siku ina saa 25. Tumia `diff`, inayohesabu siku kwa kalenda.

Lililobaki halikuwa la kompyuta. Aliyelipa saa saba usiku alisema hakuwa amelala, duka ndio alikuwa anafunga, kwake ni Jumamosi. Katibu akamuunga mkono: siku haijaisha mpaka kupambazuke. Mwenyekiti akasema wakifuata hivyo wa saa kumi na moja naye atadai hakujapambazuka. Wamekubaliana saa sita kamili usiku, na faini ya jana wamewafutia wote wawili.

Jumamosi, 2 Agosti

Ukurasa wa mbele, leo asubuhi: "Kikao kijacho: Jumamosi, 9 Agosti." Mama mdogo kauliza kama cha leo kimefutwa.

Nilitumia maneno `next saturday`. Ukiyasema siku ya Jumamosi, PHP inaruka leo na kukupa ya wiki ijayo. Siku sita za wiki jibu ni sahihi, siku ya saba, ambayo ndiyo siku ya kikao, linakosea. Neno `saturday` peke yake linahesabu na leo. Nimelibadilisha, na ikipita saa kumi na mbili jioni ndipo linasogea wiki moja.

Kwa ajili ya kikao cha viongozi, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, maneno ni `first saturday of` na mwezi unaoutaka. Ukiandika `first saturday` peke yake, bila hilo `of`, inakupa Jumamosi ya kwanza baada ya leo. Nilijaribu pia kumwandikia `jumamosi ijayo` nione. Haelewi Kiswahili.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, niko nyumbani tena. Meseji imeingia saa moja na dakika mbili asubuhi: Jumamosi tarehe 09/08/2025. Imetulia.

Mwanachama mmoja anamlipia hisa binti yake aliye Houston. Binti kafungua kalenda ya kikoba, kaona kikao ni Ijumaa. Kalenda ni ya JavaScript, lugha inayoendeshwa kwenye kifaa cha msomaji mwenyewe, na `new Date` ikipewa tarehe tupu kama 2025-08-09 inaihesabu kuwa saa sita usiku ya UTC. Dar hapo ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, siku haiharibiki, ndiyo maana sikuwahi kuliona. Houston bado ni Ijumaa saa moja jioni. Nikiwa ndani ya faili hiyo nikakuta kosa lililogeuka upande: kitufe cha kuhifadhi kilitumia `toISOString`, inayoandika tarehe kwa UTC, na usiku wa manane wa Dar kwa UTC ni saa tatu usiku ya jana yake. Yaani Houston wanakosea kwenye kusoma, sisi tunakosea kwenye kuandika. Nimeacha kuigeuza tarehe ya kikao kuwa `Date` kabisa. Inatoka kwenye seva kama maandishi, jina la siku likiwa limeshaambatanishwa, na inarudi hivyohivyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda kikaoni mwenyewe na kompyuta. Watu 30. Nilikuwa nimebakiza mikopo ya mwezi mmoja, ambayo nimepigana nayo toka Alhamisi. Mkopo wa Jumamosi 31 Mei ukiuongezea `+1 month` unafika 31 Juni, na kwa kuwa haipo unaangukia 1 Julai, Jumanne, halafu kizuizi changu cha Jumamosi kinaukataa. Nilikuwa nimeandika mistari 14 ya kutafuta siku ya mwisho ya mwezi, kisha Jumamosi iliyo karibu nayo, mbele au nyuma, na bado sikujua nichague ipi.

Nikamuuliza mama mdogo wanavyofanya kwenye daftari.

"Mwezi upi? Mwezi wa kikoba ni Jumamosi nne."

Akanifungulia jalada jeusi. Mkopo wa 31 Mei, kurejesha 28 Juni. Nimefuta ile mistari 14 palepale mezani, nikaweka siku 28.